Bibi Hakuwa Mpole

Maneno niliyoyasema Korogwe siku ya arobaini ya Bibi, baada ya hitma. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, kwa ajili ya ndugu zetu wa Mombasa na Muscat, na wale waliokwama Segera siku ile wakafika sufuria zimeshaoshwa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wa mtaa, wajomba, mashangazi, majirani mliokaa na sisi tangu siku ya kwanza, na wewe Bibi Mdogo uliyeegemea ukuta pale kwenye mkeka: shikamooni.

Mjomba amenipa dakika 10. Mjomba, unajua mimi ni mjukuu wa nani. Kwa dakika 10 Bibi alikuwa hajamaliza hata kukuuliza habari za nyumbani. Nitajitahidi.

Siku ya mazishi nilikuwa ndani na kina mama. Tukasikia spika kutoka nje. Msemaji, Mungu amjalie kheri, alikuwa mgeni, na marehemu hakumfahamu. Akasema, "Marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, asiye na neno na mtu." Mnakumbuka kilichotokea mle ndani? Chumba kizima kilinyamaza. Bibi Mdogo akakohoa. Akakohoa tena. Shangazi mkubwa akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Aliyechungulia dirishani alidhani kilio kimeanza upya. Hakikuwa kilio. Tulicheka msibani, Mungu atusamehe, maana huyo aliyekuwa anasemwa kwenye spika hatukuwa tunamjua.

Sasa nawauliza nyinyi mliokaa naye. Bibi alikuwa mpole?

Bibi alikuwa hana neno na mtu? Katika mtaa huu ipo nyumba ambayo Bibi hakuwahi kugombana nayo? Mwenye nyumba hiyo anyooshe mkono. Naona mikono miwili. Hao wamehamia mwaka jana.

Najua maiti hasemwi kwa ubaya, na mimi sikusimama hapa kumsema kwa ubaya. Lakini tukimfanya mpole, hitma ya leo tutakuwa tumemsomea mtu mwingine.

Basi nianze na mdomo wake.

Bibi alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Baba yake alitoka Kigoma, akaja huku kama manamba, mmoja wa wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge wa Tanga. Mtu anapewa namba, anaitwa kwa namba, analipwa kwa namba. Bibi amekua akisikia baba yake akiitwa hivyo. Alizaliwa mwaka gani? Kitambulisho chake cha Taifa kinasema 1938. Mimi ndiye niliyempeleka kuandikishwa. Kijana wa dirishani akamuuliza, "Bibi, umezaliwa lini?" Bibi akamwambia, "Andika unaoona unanipendeza."

Nyinyi watoto mnaona nyasi kwenye reli mkadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika hapa Korogwe 1902. Mwaka 1963 kikajengwa kile kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, hapa jirani, ikaunganishwa na reli ya kati. Abiria wa Dar es Salaam wanaokwenda Moshi wakawa wanapita kwetu. Na walipokuwa wanapita kwetu, walikuwa wanapita kwa Bibi, mwenye chuma kimoja cha vitumbua na beseni moja la bati. Mchele anauloweka jioni. Usiku wa manane anatwanga. Tui, hamira, iliki. Unga unaumuka yeye anasali alfajiri. Treni ikiingia, yuko dirishani. Na sharti lake lilikuwa moja: ukimwita "we mama wa vitumbua", hakuuzii. Utamwamkia kwanza.

Siku moja abiria wa suti ya kijivu akamwamkia vizuri kabisa, akachukua vitumbua vitano. Kitumbua senti 10, kwa hiyo ni thumni. Kabla hajalipa, treni ikapiga honi, ikaanza kusogea. Bwana akarudisha kichwa ndani, kimya. Wewe ungefanya nini? Mimi ningetukana, nikarudi nyumbani. Bibi alimkabidhi mwenzake beseni, akadandia behewa. Na mgongoni alikuwa amembeba mama yangu, yule pale, wa miezi 7. Mama, wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kusafiri bila tiketi.

Akapita behewa baada ya behewa, kwa sauti ile mnayoijua: "Namtafuta bwana mwenye suti ya kijivu, amekula vitumbua vitano!" Mkaguzi akamkuta katikati. "Mama, tiketi." Bibi akasema, "Tiketi yangu anayo yule bwana. Mwambie anipe thumni yangu, nami nitakulipa." Mpaka wanamfikia mwenye suti, behewa zima lilikuwa limesimama kuangalia. Yule bwana akatoa shilingi nzima, akitaka mambo yaishe. Bibi akafungua pindo la kanga, akamrudishia chenji.

Wakamshusha Mombo. Akarudi kwa lori la mkonge, akaingia hapa magharibi. Babu alikuwa ameshawatangazia watu kwamba mke amepotea.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, "Bibi, yote yale kwa thumni?" Akaniangalia kama anayeangalia mtu aliyesomeshwa bure. Akasema, "Ningemwachia yule, kesho treni nzima ingekula bure."

Hilo la kwanza, na limeshakula dakika zangu tano. La pili ni kusoma kwake.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye maghala, popote penye kivuli. Kwenye sensa ya 1967, watu wazima wawili katika kila watatu nchini walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1975 hesabu ya serikali ilikuwa imeshuka hadi 39 kwa mia, na 1986 ikawa chini ya 10 kwa mia. Katika hao waliopungua, mmoja ni wa kwetu.

Lakini msidhani Bibi alikwenda darasani kwa kuitikia wito wa taifa. Alikwenda kwa sababu ya chokaa. Madeni yake alikuwa anayaweka ukutani kwa mistari ya mkaa: huyu mistari mitatu, yule minne na alama ya kikombe. Sikukuu ya Idd ikakaribia, Babu akataka kumfurahisha mkewe, akapaka nyumba chokaa. Ukuta mzima. Bibi alirudi kutoka stesheni akakuta nyumba inang'aa na hakuna anayedaiwa. Babu mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mwaka ule Idd hakuila. Sikukuu ilipopita, Bibi alinunua daftari na penseli akaenda kuandikishwa.

Alijifunza haraka, kwa hasira. Agosti 1975 walipofanyishwa mtihani wa nchi nzima, alikuwa ameshamaliza madaftari mawili ya madeni. Na ile kampeni ya redioni ya 1973, Mtu ni Afya, wazee mnaikumbuka? Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio, wanasomeana kitabu, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Kampeni ilikuwa ya wiki 12. Bibi aliiendesha miaka 40. Kuna mtu hapa ambaye choo chake hakikukaguliwa?

Sasa sikilizeni faida ya kusoma. Baada ya vita vya Kagera mambo yalikuwa magumu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, dawa ya mswaki unaisikia kwa jirani. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, serikali inawasaka wanaoficha bidhaa, na watu walivyoogopa, wapo waliotupa mali zao vichakani usiku. Bibi alikuwa na kilo 8 za sukari chini ya kitanda. Vitumbua vinataka sukari, si ndiyo? Alizipata wapi, masheikh, hilo aliondoka nalo.

Asubuhi wakaja mgambo watatu na karatasi. "Mama, tumekuja kupekua." Bibi akasema, "Karibuni. Hiyo karatasi inasemaje?" Aliyeishika akasema inasema wapekue. Bibi akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa chini ya mwembe. Karatasi ilisema wapekuliwe wenye maduka na wenye maghala. Akaikunja vizuri, akairudisha. "Nionyesheni duka langu liko wapi. Nilifunge wenyewe mkiona."

Wakaangaliana. Chuma kilikuwa motoni, harufu ya iliki imejaa ua mzima. Wakala vitumbua sita, wakasema watalipa mwisho wa mwezi.

Hao mgambo nitarudi kwao.

La tatu nimemwomba ruhusa mwenyewe. Jana nilimwuliza Bibi Mdogo kama naweza kulisema mbele za watu. Akasema, "Sema. Lakini usinipunguzie."

Babu alioa mke wa pili mwaka 1978. Mnajua namna yake: hakuulizwa mtu, taarifa ililetwa na mjumbe. Kila mmoja alitegemea Bibi atalipuka. Bibi hakusema neno. Alikwenda dukani akanunua doti ya kanga. Kesho yake akapita mbele ya mlango wa Bibi Mdogo kwenda kisimani. Akarudi. Akapita tena, na ndoo haikuwa na haja ya maji. Kanga imeandikwa: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

Bibi Mdogo alikuwa msichana wa miaka 20. Angeweza kulia, angeweza kurudi kwao Handeni. Alifanya nini? Siku tatu baadaye kwenye kamba ya kuanikia kulikuwa na kanga mpya. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Ikawa hivyo kwa miezi. Huyu anaanika, yule anajibu. Watu walikuwa wanapita njia ya nyuma ya nyumba yetu makusudi, kusoma. Mtu asiyejua kusoma anaomba asomewe. Na Babu, maskini, anapita chini ya ile kamba ameinamisha kichwa kama anapita chini ya waya wa umeme. Mnajua kilichomuumiza zaidi? Kila jibu ni doti mpya. Na doti ananunua nani?

Wazee waliitwa kusuluhisha, wakashindwa. Vita vile vilimalizwa na uhaba. Kanga zilipotoweka madukani, hakukuwa na cha kujibia. Wakabaki kusalimiana.

Halafu Bibi Mdogo akashikwa na uchungu wa kwanza. Usiku, masika, Babu yuko kazini kwenye reli huko Buiko. Aliyesikia wa kwanza ni Bibi, kwa kuwa kuta zao zilikuwa zimepakana na, naongeza mimi, kwa kuwa alikuwa akisikiliza kila siku. Akatoa baiskeli ya Babu, akamkalisha mwenzake nyuma, akaisukuma kwenye matope mpaka hospitali. Bibi Mdogo anasema njia nzima alikuwa anagombezwa. "Usilale! Kaa sawa! Ukianguka nakuacha hapa hapa!"

Alfajiri akazaliwa mtoto wa kiume, na hakuna kitambaa. Nguo ya mtoto haikuwepo madukani, mnaujua wakati huo. Bibi akavua kanga aliyokuwa amejifunga juu ya gauni, akaichana katikati, akamfunga mtoto. Kanga ipi? Ile ya simba.

Mtoto huyo ndiye aliyenipa dakika 10. Mjomba, samahani.

Babu alifariki 1996. Wale wanawake wawili hawakugawana nyumba wala hawakuachana. Walibomoa ukuta wa katikati. Wamekaa hivyo karibu miaka 30, wakigombana kila siku ya Mungu kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu nani alikuwa mzuri zaidi ujanani. Wakati mwingine nikipiga simu kutoka Dar ninawasikia wote wawili kwa pamoja, simu haijulikani imeshikwa na nani.

Usiku ule wa mwisho Bibi Mdogo ndiye aliyekuwa naye. Ananiambia Bibi alifumbua macho kama saa nane, akauliza, "Mchele umeloweka?" Ilikuwa miaka mitatu hajapika vitumbua. Bibi Mdogo akamjibu, "Nimeloweka." Hakuwa ameloweka. Akainuka, akaenda jikoni, akapima vikombe viwili, akauloweka, akarudi kukaa.

Nipeni maji kidogo.

Niseme na la treni, haraka. Miaka ya 90 treni za abiria zilisimama, Bibi akahamia stendi ya mabasi, na stendi hakuipenda hata siku moja. Alisema mabasi hayana adabu, yanasimama popote. Desemba 2019 redio ikatangaza treni ya Dar kwenda Moshi inarudi. Akanipigia simu: "Njoo unipeleke stesheni." Nikajua anataka kuangalia. Nimefika, nimemkuta na beseni. Vitumbua 30, kitambaa cheupe juu yake, ana miaka 81 kwa hesabu ya kitambulisho.

Tulikaa mbu wanatutafuna. Treni ilipoingia watu wakapiga vigelegele, na yeye alishasimama, akaenda dirishani moja kwa moja kama aliyeondoka hapo jana. Kijana akachukua vinne. Akatoa simu. "Bibi, nipe namba nikurushie." Bibi akamwambia, "Baba yangu ndiye aliyekuwa na namba. Mimi nataka hela." Kijana hakuelewa. Hela alitoa.

Namaliza, Mjomba, nimeona unaangalia saa.

Siku ya mazishi ilitangazwa, kama ilivyo desturi yetu: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa wafiwa. Hakujitokeza mtu. Allah amrehemu, hakuacha deni hata la kiberiti. Ila upande wa pili hakuna aliyeuuliza.

Kwenye sanduku lake tumekuta madaftari 11. Yote anayahamisha: daftari likijaa, madeni ambayo hayajalipwa yanaandikwa upya kwenye jipya. Hili hapa ndilo la mwisho. Sitataja majina. Nitasoma machache tu.

"Mwalimu wa hesabu, vitumbua 12. Anasema ni 10."

"Fundi wa bati, vitumbua 4. Anasema mkewe anajifungua." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Kweli amejifungua, mtoto wa kike. Nimefuta." Na mstari umepigwa.

"Mke mwenza, kikombe cha chumvi." Hili limeandikwa, nimehesabu, mara 41.

"Mjukuu wa nne, nauli ya kwenda chuo, 20,000. Asidaiwe mpaka amalize." Mjukuu wa nne ni mimi. Nilimaliza 2011. Hakuwahi kunikumbusha, na mimi, Mungu anaona, nilisahau. Yeye kalihamisha deni hilo kwenye madaftari matatu.

Leo asubuhi nimelilipa. Nimemkabidhi Bibi Mdogo, ndiye aliyeachiwa chuma na beseni. Amezihesabu mara mbili, akaniambia zimepungua, kwani siku ile niliondoka na vitumbua vya njiani, na yeye aliniona.

Pilau iko tayari, Mjomba ananipa ishara. Daftari naliweka pale mezani karibu na mlango, kalamu iko ndani yake. Atakayelipa apige mstari mwenyewe.

Na ukurasa wa kwanza kabisa, deni la zamani kuliko yote, limehamishwa tangu 1983: "Mgambo watatu, vitumbua 6, mwisho wa mwezi." Mmoja wenu nimeshamwona, amekaa nyuma pale chini ya mwembe. Shikamoo, mzee. Ni viwili viwili.